Chumvi ya Bahi Haina Mtaalamu

Juzi nilihudhuria mazungumzo ya sayansi kwa wananchi katika ukumbi mmoja pale Mtumba. Mezani walikaa watafiti watatu: wa udongo, wa maji na wa mbegu. Mama mmoja, mkulima wa mpunga kutoka Bahi, alisimama, akafungua fundo la khanga na kutoa bonge la udongo lenye chumvi nyeupe.

"Mpunga wangu unakauka huu mwaka wa tatu. Hii chumvi inatoka wapi?"

Mtafiti wa udongo aliliangalia kwa mbali. "Chumvi inaletwa na maji, mama. Hilo si eneo langu."

Wa maji akavuta kipaza sauti. "Maji yanaiyeyusha tu, yenyewe imo udongoni. Hilo si eneo langu."

Wa mbegu alitikisa kichwa kabla hajaulizwa.

"Swali zuri sana," akasema mwongozaji, na ukumbi ukapiga makofi.

"Kwangu vyote viko shamba moja," mama akasema, lakini kipaza sauti kilishapelekwa kwa mwingine.

Kuzungushwa dirisha hadi dirisha maofisini nimezoea. Sikujua kwamba elimu nayo ina madirisha, na kila dirisha lina mtu anayejivunia kutojua ya jirani yake.

Mlangoni alisimama mtafiti wa nne, dada mwenye kishikwambi. "Shikamoo mama. Umeridhika kwa kiasi gani na mazungumzo ya leo?"

"Marahaba. Hilo si eneo langu, mwanangu."

Nilikuwa nyuma yao. Nilimwona dada akibonyeza "Ameridhika sana".