Vilbreke ya Lori la Hadji

Siku yangu ya kwanza kazini nilitukanwa kabla ya saa tatu asubuhi. Ilikuwa Butembo, muda mfupi kabla ya uhuru, katika garaji ya Hadji Ramazani, muuza vitambaa aliyekuwa pia msafirishaji. Nilikuta vilbreke imeegemezwa ukutani. Vilbreke ni ule mhimili mzito wa chuma ulio tumboni mwa injini. Pistoni zikipanda na kushuka, huo ndio unaozunguka na kupeleka nguvu magurudumuni. Nikaona itamwangukia mtu, nikailaza sakafuni polepole, tena nikajisifu moyoni.

Shefu wa garaji alikuwa mtu wa Kasai, mkoa wa mbali, mwembamba, mwenye suruali iliyonyooshwa pasi hata akiwa chini ya gari. Aliniita kwa kidole.

"Weye! Nani alikutuma kulalisha ile kintu?"

"Nilifikiri itaanguka, Shefu."

"Hapana fikiri, uliza! Vilbreke hailalake chini. Ukiilalisha, uzito yake yenyewe itaipinda. Kwa macho hautaona kitu, lakini siku utaifunga mu motere, itavunja yote. Donc, isimamishe ao itundike. Umesikia?"

Nilisikia. Baada ya hapo sikupewa spana kwa miezi. Kazi yangu ilikuwa kuosha boliti kwa petroli mpaka vidole vikabadilika rangi.

Uhuru ulipokuja, Wazungu wengi waliondoka, na malori yakawa adimu kuliko mizigo. Hadji aliposikia kwamba kambi ya Beni inauza malori yaliyotolewa jeshini, aliuza kamioneti zake zote mbili, yale malori madogo, ili anunue lori moja tu. Ndugu zake walidhani amerukwa na akili.

Tulikwenda naye mimi na Shefu. Wakati ule lori halikununuliwa kwa rangi. Shefu alichomoa kijiti cha oili akakinusa, maana oili iliyoungua haifichi harufu. Akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, akasikiliza kila pistoni. Kisha akaingia chini, akawa anagonga fremu kwa nyundo. Chuma kilichopasuka hulia vibaya. Ajida, askari aliyesimamia stoo ya kambi, mtu wa Equateur, alikuwa anamtazama huku akivuta sigara.

"Camion oyo eza makasi, Hadji," alisema, yaani lori hili lina nguvu. "Ilipitaka matope yote ya Eringeti. Hata siku moja hapana kulala njiani."

"Mon adjudant," Shefu akajibu kutoka chini, "kama iko makasi, sababu gani munaiuzisha?"

Ajida akacheka mpaka akashika tumbo. "Sababu inakunywa essence kuliko kompanyi muzima!"

Hakudanganya hata kidogo: lilikunywa petroli kuliko kikosi kizima cha askari. Lakini lilikuwa lori haswa, magurudumu kumi. Lilikuwa na kijiti tulichokiita krabo, cha kuyapa nguvu magurudumu ya mbele. Matopeni unakivuta, ukifika pakavu unakirudisha haraka, la sivyo magurudumu ya mbele na ya nyuma yatagombana na gia zitavunjika. Umeme wake ulikuwa wa volti ishirini na nne, betri mbili zimeunganishwa. Taa ya kwanza tuliyoinunua dukani, ya volti kumi na mbili, iliwaka mara moja ikatuaga. Kila safari iliporudi nilijaza grisi kila kiungo, nikikaguliwa na Shefu. Lilileta samaki wa chumvi kutoka Kyavinyonge, maharagwe, na watu juu ya maharagwe. Familia zisizopungua kumi zilikula kwa lori lile.

Kisha ukaja uasi. Habari zilifika kwamba waasi wameingia Beni, na kila lori wanalolikuta wanalichukua pamoja na dereva wake. Hadji alitaka kulikimbiza Kasindi, avuke mpaka.

"Hapana, Hadji," Shefu akasema. "Njiani kuko batu ya bunduki kila pahali. Tuikate vipande. Camion yenye haina motere, nani ataitaka?"

Tulilifungua, injini na yote, kwa siku tatu mchana kweupe, kama watu wanaotengeneza. Kila kipande kilikwenda nyumba yake, kwa Waislamu na kwa Wakristo, na hatukuandika popote. Vilbreke nilipewa mimi niifiche. Niliipaka grisi, nikaifunga kwenye kikwembe, yaani kitenge, na wenzangu wakanisaidia kuibeba hadi kwa mukaka Kavira, bibi mmoja mkulima wa bondeni nyuma ya garaji. Tulikuwa na haraka. Nikatafuta neno atakalolielewa.

"Mukaka, hii njo mbegu ya camion ya Hadji. Utuchungie."

"Mbegu?" akaitazama. "Ya mbegu ninajua. Mwende."

Waasi walikuta fremu juu ya mawe na kuku wakitagia ndani ya kabini. Waliipiga teke wakaenda zao. Shefu, kwa kuwa hakuwa na ukoo mjini na wageni walitazamwa vibaya, alivuka kwenda Uganda. Mimi nilikimbilia kwa wajomba milimani.

Huko, siku moja, mjomba alilaza jembe lake chini, nami nikaikumbuka vilbreke. Sikumwambia mukaka isilazwe! Nilimwachia mlangoni, imelala, kwenye udongo, na majira ya mvua yanaanza. Kurudi haikuwezekana. Nilikaa na jambo hilo miezi. Hadji alikuwa ameweka karibu mali yake yote katika lori lile, na vilbreke nyingine isingepatikana popote.

Jeshi lilipoutwaa tena mji, Butembo ilikuwa imeporwa hadi bawaba za milango. Duka la Hadji lilibaki kuta. Tukaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mke wa mchinjaji alitoa kabureta kwenye chungu, chini ya unga. Mwalimu mmoja alileta rejeta kichwani. Kila kipande kilipokuja Hadji aliniuliza, "Na vilbreke?" nami nilijibu, "Iko." Nilikuwa naogopa kwenda.

Mwishowe Hadji akasema twende pamoja, tukashuka bondeni. Sakafu ya mukaka ilikuwa inateleza kwa unyevu. Nikasema moyoni, basi, imekwisha.

"Munatafuta chini, sababu gani?" mukaka akauliza, akanyoosha kidole.

Ilikuwa juu ya jiko, inaning'inia wima kwenye boriti, katikati ya mahindi ya mbegu, nyeusi kwa masizi.

"Mbegu hatuilalishake chini," alisema akinishangaa. "Baridi itaikula. Si weye ulisema iko mbegu? Niliita batoto ya jirani, banne, bakaitundika."

Nililia, na sioni haya kusema hivyo. Nikamweleza Hadji kosa langu palepale. Akasema, "Weye ulisahau, Mungu alimukumbusha mama. Shusha, twende."

Niliipima juu ya mbao mbili nikiizungusha mbele ya ncha ya sindano, na nafasi kati yao haikubadilika: imenyooka. Hakuna nyumba hata moja iliyosema kipande kimepotea. Wiki ya tatu injini ilikohoa, ikajaza moshi mtaa mzima, ikanguruma, na watu wakapiga vigelegele. Safari ya kwanza ilikuwa Kyavinyonge. Mukaka alikaa kabini; mwenye lori alipanda nyuma juu ya magunia.

Shefu aliporudi mwaka uliofuata nilimsimulia yote, naye alinitukana nusu saa, kwa haki. Baadaye nilihamia garaji ya serikali huko Beni, chini ya mkubwa wa bureau aliyependa mihuri kuliko grisi, kisha nikarudi Butembo hadi macho yalipochoka.

Sasa nimestaafu, na mafundi vijana hunijia kuuliza siri za injini. Nawajibu ninachokijua. Wakiniuliza ni kazi ipi ninayojivunia zaidi, nawatajia lori lile, kisha nawaambia ukweli: mimi ndiye fundi niliyekuwa nimeliua, na aliyeliokoa alikuwa mwanamke ambaye hakuwahi kushika spana.