Mwacheni Zuhura Aseme Mwenyewe

Nakumbuka asubuhi niliyofika kwa mdogo wangu Zuhura, kijiji cha jirani na Madimba, nikakuta korosho zimeanza kuchipua chini ya mikorosho yake. Mvua ilishanyesha na hakuna aliyeinama kuziokota. Mwanangu, Zuhura hakuwa mtu wa kuacha korosho zilale chini. Kabla sijapiga hodi nilijua ndani kuna mgonjwa.

Nilimkuta ameegemea ukuta, mtoto analia pembeni na yeye anamtazama kama mtoto wa jirani. Nikamuuliza anaumwa nini.

"Dada," akasema, "natamani nilale nisiamke."

Wazazi wetu walifariki tukiwa wadogo. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule darasa la tano, nikalima muhogo, nikachimba ming'oko, vile viazi vya porini, wadogo zangu wakala. Sikumlea Zuhura kwa jasho lile ili aje azimike mbele ya macho yangu, tena ndani ya nyumba yenye mume na watoto. Siku ileile nikamchukua, yeye na mumewe Saidi, tukaenda hospitali mjini.

Daktari alisema ni sonona, ugonjwa kama magonjwa mengine. Akamwandikia dawa za kumeza, akatupeleka kwa mshauri, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu. Zuhura na mumewe wakakaa pamoja mbele yake, mimi nikakaa nyuma yao.

"Zuhura, unalala?"

"Analala, mama, ila kuamka ndiyo shida," akajibu Saidi.

"Unakula?"

"Chakula kipo, mama. Nyumbani hatujapungukiwa."

Mshauri akacheka kidogo. "Baba, wewe nimeshakufahamu. Mgonjwa ndiye bado."

Akasema safari ijayo Zuhura aje peke yake. Mume ataitwa baadaye, mke akishaweza kusema.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Saidi alirudi nyumbani amenuna. "Mke wangu akaseme nini kwa mtu baki, ambacho mimi sitakiwi kukisikia?" Mama yake naye akadakia: "Huyo haumwi. Ana kiburi, amesahau mafunzo. Aitwe kungwi wake amfunde upya."

Kungwi ndiye mwanamke aliyemfunza Zuhura unyagoni alipovunja ungo. Mama mkwe alitaka mdogo wangu afungiwe ndani naye kama mwari, asitoke, asiende hospitali, mpaka kungwi aridhike. Na mimi nilikuwa nimeshasikia alichotamani Zuhura. Akikatishwa matibabu, tungemzika.

"Haendi ndani," nikasema. "Anakwenda hospitali."

"Na wewe humu umeolewa na nani?" mama mkwe akanirushia.

"Sijaolewa na mtu. Lakini huyo aliyeolewa humu nimemlea mimi, na siondoki."

Nikatandika mkeka wangu ukumbini, nikahamia. Walininyima hata salamu. Niliishi.

Kungwi akaja. Alikuwa Bibi Esha, mwembamba, mkali. Mama mkwe akamwekea kiti na malalamiko yote. Bibi Esha hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini, bega kwa bega na Zuhura, akamshika mkono, akanyamaza mpaka sisi tukaanza kuona haya. Kisha akainua uso.

"Huyu nilimfunza mimi, na hakusahau kitu. Nilimfunza kukaa na watu. Kutibu ugonjwa sikumfunza, maana mimi mwenyewe sijui. Mnataka nimfunde nini?"

Mama mkwe akaguna. Mimi nikafurahi, nikaanza, "Si niliwaambia, Bibi! Zuhura anataka..."

"Na wewe mtu mzima, nyamaza!" akanikata. "Mumewe anamsemea, mkwewe anamsemea, na wewe unamsemea. Mwacheni Zuhura aseme mwenyewe."

Kuku wakaingia, wakatoka. Zuhura akasema, kwa sauti ndogo ambayo hata leo naisikia: "Nataka niende. Peke yangu."

Alikwenda. Siku ya kwanza alilia tu, na mshauri akamwacha alie. Siku nyingine akataja mimba yake iliyotoka, aliyoambiwa asiililie kwa kuwa bado kijana, atapata mtoto mwingine. Saidi alipokuja kuitwa, alisikia kwa mara ya kwanza jinsi mimba ile ilivyomuumiza mkewe, akainamisha kichwa. Tangu hapo alianza kumuuliza mkewe kitu na kusubiri jibu. Baadaye Zuhura akajiunga na kikundi cha wanawake waliokutana palepale hospitali. Dawa akameza, dua tukaomba, hakuna kilichomzuia mwenzake.

Watu huniuliza ipi ni tiba bora: kuongea peke yako, kuongea na mume, au kikundi. Mdogo wangu angeanza na mume asingefungua mdomo mpaka leo. Lakini palepale hospitali tulizoeana na Paulina, mke wa mwalimu, waliohamia mtaa wa Rahaleo, mjini, kutoka mkoa wa mbali. Yeye mumewe ndiye ndugu pekee aliyekuwa naye huku, na bila kumshika mkono hakuweza kusema neno. Kikundi alikikataa kabisa, akiogopa maneno ya mtaani. Naye alipona. Kwa hiyo anayekuambia njia ni moja tu, mkatalie, hata akiwa mkweo, hata akiwa mimi.

Mwanangu, ukiolewa hujaacha kuwa mtu. Usingizi ukikukimbia, chakula kikakosa ladha, mtoto wako akawa kama wa jirani, usikubali kuitwa mwenye kiburi. Sema unaumwa. Ukifika mbele ya mshauri, mwambie unataka kuanza peke yako au na nani, na ikikushinda njia moja omba nyingine. Dawa usiziache bila daktari kukuambia. Wazo la kutoamka likikujia, usingoje kikao cha ukoo, nenda siku hiyohiyo. Nawe kijana wa kiume unayesoma haya, mkeo akiulizwa, funga mdomo wako. Atakayenuna kwa maneno yangu na anune. Mkeka wangu bado ninao.

Mungu akujaalie nyumba ambayo ukisema umechoka, watu wataacha kazi zao wakusikilize. Na akikuchelewesha kuipata, basi akupe dada mbishi.