Sentensi ya Nge

Wanafunzi walimwita Nge, wala hawakumsingizia. Kalamu yake nyekundu iliuma. Miaka ishirini na saba alifundisha Kilatini, lugha ambayo wenyewe walishakufa zamani. Lakini kila mwaka akifika kwenye neno nequitia, yaani uovu, kalamu aliiweka chini. Neno la jinsia ya kike hilo, aliwaeleza, limetoka kwenye nequam, mtu asiyefaa kitu. Ukitaka kusema uovu wako ndio ulioleta balaa, ile a ya mwisho unaivuta: nequitiā meā, kwa uovu wangu. Kisha kila mmoja aliandika kwa Kilatini sentensi moja ya kweli juu ya uovu wake, bila jina. Nge hakuzisoma kamwe. Alizichoma kwenye ndoo ya bati mbele yao, maana ahadi ni deni.

Mwaka huu kiberiti kilikuwa mkononi mwa Nge, mkuu wa shule alipoingia. Mtihani ulikuwa umeibwa ofisini, na mlinzi, mzee wa watu anayeshika funguo, alikuwa afukuzwe kazi saa sita mchana. Mkuu alishasikia kwamba watoto huandika maovu yao humo. Kilatini hakujua hata salamu, kwa hiyo Nge amsomee, palepale.

Nge alikataa. Akaambiwa, haya, basi mlinzi aende zake. Mzee alisimama mlangoni, kofia mkononi.

Nge akazichukua. Nyingi zilikuwa utoto mtupu: sukari iliyodokolewa, dada aliyesingiziwa. Ya kumi na moja ilisema: Nequitiā meā custos punitur.

Haikuwa na kosa hata moja. Ile q yenye mkia uliokunjwa aliifundisha mwenyewe, nyumbani, mezani, kwa binti yake wa pekee. Sasa binti huyo alikuwa dawati la pili, ameinamisha kichwa. Nge aliogopa. Angesema lolote, nani angejua? Lo, mkuki kwa nguruwe!

“Kwa uovu wangu,” alisoma, “mlinzi anaadhibiwa.”

“Mwandiko wa nani?”

Nge aliikunja ile karatasi. Kujibu hilo kulimshinda.

Shuleni binti alikatazwa kumwita chochote ila mwalimu. Alisimama, machozi yanamtoka.

“Ni wangu, baba.”

Saa sita mlinzi alifungua geti. Nge alitoka na sanduku la bweni la binti yake, aliyefukuzwa shule, linamwelemea. Mzee aliiweka kofia kichwani, akashika kishikio cha upande wa pili, wakalibeba pamoja mpaka barabarani.