Maombi ya Kuzuia Migongano

Katika kanisa letu la Wakenya hapa ughaibuni, Thornton Heath, anayesafiri huitwa mbele, akataja aendako, na Mchungaji Jotham akamwombea. Ndivyo tulivyomwombea Shiku, binti ya Margaret, nesi mwenzangu.

Shiku anasomea PhD ya fizikia. Kazi yake ni kuchungulia ndani ya protoni, chembe ndogo iliyo katika kiini cha kila kitu, hata chapati. Haionekani kwa hadubini, kwa hiyo wanarusha protoni kwa kasi zigongane, kisha wanasoma vipande vinavyotawanyika. Mimi nilimwelewa. Ni kama kubamiza mabegi mawili pale uwanja wa ndege wa Heathrow mpaka yafumuke, ujue watu wamepakia nini.

Margaret hakutaka hata kusikia. Mumewe alifia barabara ya Naivasha, magari mawili uso kwa uso, na tangu siku hiyo habari za kugongana humtoa jasho. Mchungaji alilijua hilo. Akamwekea Shiku mikono kichwani, akanguruma kwamba kila mgongano ulioko mbele yake ushindwe. Tukaitikia amina mpaka vioo vikatetemeka.

Shiku akaenda kwenye mashine yao, huko Ulaya bara. Ilikuwa zamu yake ya mwisho. Bila vipimo vya migongano ile, miaka yake yote ya masomo ingepotea bure. Alipofika tu, pampu ya kupoza mashine ikafa. Siku zikapita. Akampigia mama yake akicheka, kisha kicheko kikageuka kilio.

“Mum, mliomba sana. Huku hakuna kitu kinagongana. Nikirudi mikono mitupu, nimeisha.”

Nilimwambia Margaret pampu ni pampu, haina habari na amina zetu. Nilikuwa najisumbua bure. Jumapili aliinuka bila kuitwa, akachukua maikrofoni.

“Bwana, niliomba vibaya,” alisema. “Zigongane. Lakini mtoto wangu nirudishie mzima.”

Tulikuwa na hamu ya kucheka, lakini hakuna aliyethubutu. Wiki hiyo kipuri cha pampu kikafika, mashine ikawaka, na Shiku akarudi na vipimo vyake na picha moja: mistari ya rangi ikichomoza kutoka nukta moja.

Margaret ameitundika sebuleni, kando ya picha ya marehemu mumewe. Mgeni akiingia, humvuta mpaka pale hata kabla ya chai.

“Hapa ndipo zilipogongana,” anasema, kidole kwenye nukta ile, na jasho halimtoki.