Bibi Alipokwenda Pangani Kuuliza

Nilipokuwa mtoto kule Mwankoko, Singida, nyumba yetu ilikuwa na mwiko mmoja ambao nyumba za jirani hazikuwa nao. Mtu wa nyumbani akisafiri, hakuna kufagia mpaka isikike kwamba amefika. Mwiko huo aliuleta mama kutoka kwao Pangani. Baba alikuwa dereva wa lori, akipeleka vitunguu vya Singida hadi Tanga, na safari moja akarudi na mke. Watu wa kwetu walimpokea vizuri. Walimcheka kidogo tu kwa Kiswahili chake, ambacho walisema kilikuwa kama cha mtu anayesoma kaswida, na kwa jinsi alivyoshindwa kuuzoea upepo wetu.

Upepo wa Singida mnaujua. Hauna adabu. Unaingia chini ya mlango na vumbi lake, na maganda ya alizeti, na manyoya ya kuku. Kwa hiyo baba aliposafiri, nasi tukakaa bila kufagia, sakafu iligeuka uwanja. Bibi, mama yake baba, aliyeishi kwenye tembe lake ng'ambo ya ua wetu, alikuwa akisimama mlangoni, anatazama, anaguna kwa Kinyaturu, kisha anaondoka. Kwake yeye ule haukuwa mwiko. Ulikuwa uvivu uliovishwa kanga.

Nilipokuwa darasa la nne, zikaja habari kwamba mama yake mama amepigwa na kiharusi. Mama akafunga begi. Asubuhi ya kuondoka alinisuka nywele, na alisuka taratibu kuliko kawaida, nikadhani ni kwa sababu ya huzuni. Alipomaliza alinigeuza, akanishika mabega.

"Zuhura, usifagie mpaka usikie nimefika."

"Ndiyo, mama."

"Ukifagia utafuta nyayo zangu. Nitaijuaje njia ya kurudi?"

Baba akambebea begi mpaka barabarani. Mimi nikabaki mlangoni, maana mtu anayesafiri pia hasindikizwi kwa kilio wala haitwi jina mgongoni. Hilo nalo alinifundisha yeye.

Siku zikapita. Simu zilikuwa chache wakati ule. Mtaani kwetu ilikuwepo moja, ya mwenye duka, na ilitegemea kama amepata mahali pa kuchaji. Habari haikuja. Baba naye akapata mzigo, akaondoka na lori. Nikawa nalala kwa bibi, lakini kila nikitoka shule napita nyumbani kwetu kuhakikisha hakuna aliyegusa kitu. Vumbi lilikuwa limeshika sakafu yote. Nilipita pembeni, nikiegemea ukuta, nisikanyage katikati.

Siku moja nilimkuta bibi ndani, kanga kaifunga kiunoni, ufagio mkononi.

"Bibi, mama alisema tusifagie."

"Kuku wametaga juu ya kitanda cha mwanangu," akasema. "Huo ni uchafu, si mila."

"Hatujasikia kama amefika."

"Mama yako yuko huko aliko. Hayuko kwenye vumbi hili."

Akafagia. Alifagia vyumba vyote, hata uvunguni, akakusanya taka kwenye debe bovu na kuzimwaga nyuma ya zizi. Mimi nilisimama tu. Sikulia. Siku ya pili mwenye duka akatuita: mama alifika zamani, amewahi kumkuta mama yake angali hai, na anatusalimia sana. Bibi akanitazama kwa jicho la ushindi, akacheka, na mimi nikacheka pia. Ikaisha hivyo.

Haikuisha. Mwezi ukapita, mama akasema mgonjwa hawezi kuachwa peke yake. Mavuno ya alizeti yakaja, akasema mgonjwa bado. Mgonjwa akafariki, baba akaenda kuzika. Alirudi peke yake, akakaa kwenye kiti uani mpaka chakula kikapoa. Mwaka wa pili wazee walikaa, talaka ikapelekwa, na baba hakunieleza neno. Niliyajua kwa kuwasikia wanawake kisimani, ambao walikuwa wameshamaliza hesabu zao: yule mke wa pwani aliacha agizo, na mama mkwe akalivunja. Amefagiliwa. Moyo wake umesahau njia.

Mtu angetegemea bibi awajibu. Ulimi alikuwa nao, tena mkali. Lakini yeye, aliyeucheka mwiko ule kuliko wote, ndiye aliyekuja kuuamini kuliko wote. Akaacha kwenda kisimani. Baba alipoanza kukaa kimya siku nzima, bibi alimtazama kama mtu anayetazama shamba aliloliunguza mwenyewe. Usiku nilimsikia akijigeuza kitandani, ngozi ya ng'ombe ikilia chini yake.

Na mimi je? Watu waliniuliza wakati ule, na wengine wananiuliza hadi leo, ilikuwaje. Jibu langu haliwaridhishi. Haikuwa kitu. Nilichota maji, nilipika ugali, nilipepeta alizeti, nilifaulu mitihani. Bibi akinituma nilikwenda. Akinisemesha nilijibu, "Ndiyo, bibi," au, "Hapana, bibi." Sikumchukia. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa vibaya, unauona ni wako na huusikii.

Nilipomaliza darasa la saba, tukisubiri matokeo, bibi aliuza mbuzi wawili na kumwambia baba kwamba anakwenda Pangani na mimi.

"Kufanya nini, mama?" baba akauliza.

"Nina neno na mkwe wangu."

"Si mkwe wako tena."

"Kwako wewe," akasema bibi.

Baba hakubisha. Alituandikia jina la mtaa kwenye kipande cha boksi, akatupeleka stendi, akaongea na dereva anayemfahamu atuangalie njiani.

Bibi alikuwa hajawahi kuvuka Manyoni. Alikaa dirishani akiwa kanyooka, kifurushi mapajani, mikono juu yake, na sidhani kama aliona chochote. Dodoma ikapita, Morogoro ikapita. Tulilala njiani, tukaendelea. Baada ya Muheza gari likaingia barabara ya vumbi kati ya mashamba ya mkonge, kisha minazi, kisha joto lile lenye unyevu, linalomshika mtu kama nguo iliyoloa. Mwishoni bahari ikatokea. Abiria mmoja, akijua sisi ni wageni, alimwonyesha bibi kwa kidole na kumwambia maji yale ni ya chumvi.

"Hata ziwa letu la Singida lina chumvi," bibi akajibu, akageuza uso.

Nyumba tuliipata kwa kuuliza. Mama alikuwa uani akimimina mkate wa mchele kwenye sufuria, mtoto wa kiume wa miaka miwili hivi amemkamata gauni. Alipotuona alisimama na upawa mkononi, uji wa mchele ukidondoka chini. Alikuwa amenenepa kidogo. Nilimtambua upesi, kama unavyotambua duka ulilowahi kutumwa.

"Shikamoo, mama," akamwambia bibi.

"Marahaba, mwanangu."

Mimi nikampa shikamoo yake kama ninavyompa mama wa mtu mwingine. Akanikumbatia. Alinukia udi na moshi. Nilisubiri nione kitakachotokea ndani yangu, hakikutokea kitu, nikaanza kumtazama yule mtoto, ambaye masikio yake yalikuwa kama yangu.

Tulitandikiwa mkeka, tukaletewa maji ya kunawa, maji ya kunywa, mkate wenyewe. Bibi hakugusa. Mume mpya wa mama alikuwa kazini kwenye kivuko, na nadhani bibi alitaka kumaliza kabla hajarudi.

"Mama Zuhura, sijaja kugomba," alianza. "Wala sijaja kukuchukua. Nimekuja na swali moja, na nataka unijibu mbele ya mtoto huyu."

Mama akakaa chini kwenye mkeka.

"Ulipoondoka uliacha neno, kwamba nyumba isifagiliwe. Mimi nikafagia. Nilifagia kabla hatujasikia umefika. Sasa niambie. Ni mkono wangu uliokuzuia kurudi?"

Mtoto alikuwa anagonga kifuniko cha sufuria. Mama alikichukua kile kifuniko akakiweka kando, na mtoto akaanza kulia, naye hakumbembeleza.

"Hapana, mama," alisema mwishoni.

"Sema tena."

"Hapana. Siyo wewe. Siku ile ninaondoka nilikuwa nimeshajua sirudi." Sasa alikuwa anatazama mkeka. "Mwanao hakunifanyia ubaya. Wewe pia. Nilikuwa nimechoka tu kuwa mbali. Kila nikiamka nilikuwa mbali. Nikasema nikiaga kwa kurudi, nitaweza kutoka. Nikiaga kwa kutorudi, huyu mtoto atanishinda."

Bibi alinigeukia.

"Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

Ndipo akachukua kikombe, akanywa maji yote kwa mkupuo, akaomba mengine. Akala na mkate, vipande kadhaa, akausifu. Mama alilia kidogo kwa upindo wa kanga, akaniuliza kama na mimi sina la kumwuliza. Nikamwambia sina. Haikuwa hasira. Nililitafuta swali kweli, kama mtu anayepekua mfuko, sikuliona.

Tulilala pale usiku mmoja, mume wake akatukarimu kwa samaki, na asubuhi akatusindikiza stendi. Ndani ya basi bibi alizungumza mara moja tu, hatujafika hata Muheza.

"Wale wa kisimani waendelee kusema. Nilitaka usikie wewe."

Kisha akalala. Alilala Korogwe, akalala Chalinze, kichwa chake begani kwangu, mdomo wazi, mzito kama gunia. Bega likafa ganzi nikaliacha hivyo hivyo. Sikuwa nimewahi kumwona akilala namna ile tangu nihamie tembeni kwake.

Sasa nina cherehani zangu mbili Utemini, Singida mjini, na watoto. Mama hupiga simu sikukuu na siku nyingine pia. Tunaongea vizuri, ananiuliza wajukuu, namuuliza mafua yake. Hatujawahi kurudi kwenye mazungumzo ya pale mkekani. Wakati fulani hujiuliza kwa nini mtu aliyekwisha kuamua kuondoka alinipa tena mwiko wa kuulinda. Labda alitaka nibaki ndani nisimfuate barabarani. Labda sehemu yake moja ilikuwa bado inataka nyayo zibaki. Sijui, na nimeona kwamba naweza kuishi bila kujua.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha tatu. Siku ya mazishi watu waliniangalia wakisubiri nilie, nami sikulia, nikaendelea kupakua chakula. Wanawake wale wale walisema nina moyo wa jiwe. Pengine. Kulia kulikuja baada ya miaka mingi, katika jambo dogo tu: mwanangu wa kwanza alirudi shuleni akaniuliza kama ni kweli kwamba aliyeipasua redio ya shule ni yeye, maana wenzake wanasema, na yeye anaona si yeye lakini hana hakika tena. Nikaketi kitako nikamlilia bibi mpaka mtoto akaogopa.

Kama ufagio una nguvu au hauna, sibishani na mtu. Ninachokijua ni kwamba katika miaka ile walikuwepo wengi walionihurumia, na aliyefunga safari ni mmoja. Alikuwa mwanamke mzee, hajui bahari, haijali, amekaa wima dirishani mchana kutwa, anakwenda kuhukumiwa, ili mimi nisiishi naye nikiwa na shaka. Mimi nilikuwa kando yake njia nzima, nikihesabu minara ya simu, nikidhani tunakwenda kumwona mama.