Namba Sita za Amira

Amira alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Buyenzi. Mume wake, Ilyasi, alitengeneza magari mpaka ukungu ulipoziba macho yake yote mawili. Kwa miaka miwili Amira alishona magauni ya harusi na sare za shule, akiweka benki pesa ya upasuaji, na sasa daktari alikwisha kuwapa siku: Alhamisi.

Jumatatu asubuhi simu ililia.

"Madamu Amira? Mi niko Honoré, wa usalama kwa banki yenu." Sauti ilikuwa tulivu, ya mtu aliyesoma. "Kuna mutu anajaribu kutoa pesa yenu sasa hivi. Tumufungie?"

Amira alipaza sauti. "Mumufungie, baba! Mumufungie!"

"Basi mutapata mesaji yenye namba sita. Munisomee. Haraka, madamu, haraka, anaingia!"

Mesaji ilifika, imeandikwa Kifaransa. Amira hakujaribu kuielewa. Alisoma namba moja moja, kisha akataja na namba yake ya siri. Honoré akamwambia asiguse simu kwa saa moja, mashine ifanye kazi. Amira akaketi saa hiyo nzima, mikono magotini, akimshukuru Mungu.

Alipokwenda benki kuhakikisha, msichana wa gishe, dirisha la pesa, aitwaye Olga, alitazama kompyuta, halafu akamtazama yeye.

"Mama, pesa yote ilitoka. Mulimupa mutu ile kode ya namba sita?"

"Niliwapa benyewe. Niliwapa banki!"

"Banki haiulizi kode kwa simu, ata siku moja. Mesaji yenyewe imeandika: usimupe mutu, ata akisema ni wa banki."

Polisi waliandika maelezo yake, wakamwambia asubiri. Alirudi nyumbani kwa miguu, asikumbuke alipita njia gani. Ilyasi alimuuliza, "Amira, mbona umenyamaza hivi?" Akajibu kwamba kichwa kinamuuma.

Jumanne Honoré alipiga tena. Safari hii aliomba msamaha. Mwizi amekamatwa, alisema, pesa itarudi leo, ila akaunti ya Amira imefungwa. Atafute nyingine ya kuipokelea. Na nyingine ilikuwepo: ya ushirika wa wanawake washonaji. Amira ndiye mtunza hazina wao, na mesaji za akaunti hiyo zilifika kwenye simu yake, kwa laini ya ushirika.

Maneno ya Olga aliyakumbuka yote. Lakini Alhamisi ilikuwa kesho kutwa, na Ilyasi alikuwa uani akipapasa ukuta kutafuta mlango wa choo. Huenda huyu ni wa kweli, moyo ulimwambia. Huenda aliyeiba jana ni mtu mwingine. Akamtajia akaunti ya ushirika, na mesaji ikaingia.

"Ine," alisoma. "Saba. Sifuri..."

"Endelea, madamu. Haraka, haraka!"

Amira akanyamaza. Ilikuwa haraka ileile ya jana. Mtu anayekurudishia chako anakimbilia wapi?

"Apana," alisema. "Kama we ni wa banki, nitakukuta kwa banki. Nakuja sasa."

Honoré akamtukania mama yake, akakata.

Amira akateleza mpaka sakafuni, akalia kwa sauti, kilio alichokizuia tangu jana. Ilyasi akaja akifuata sauti, akamgusa bega, na hapo akaambiwa yote.

"Nilikuwa nimekwisha kufikiria nitakavyoona uso wako," Ilyasi alisema. Hakumlaumu, na Amira aliona heri angemlaumu.

Alhamisi ikapita bila upasuaji. Pesa haikupatikana. Jumamosi Amira alisimama mbele ya wanawake wa ushirika, akawaeleza jinsi alivyoibiwa na jinsi alivyosoma namba tatu za kode yao kabla ya kunyamaza. Mmoja wao, Fatouma, akauliza kwa hasira kwa nini waendelee kumwachia simu ya pesa yao. Amira aliitoa laini hiyo mfukoni, akaiweka mezani, akarudi nyumbani kwenye cherehani.