Saruji Niliyoitwanga Kwenye Kinu

Mwaka ule maduka ya Sumbawanga yalikuwa yamejaa kila kitu. Serikali ilikuwa imefungulia biashara, saruji imepangwa mpaka barazani, lakini bei yake, weee! Sisi tulikuwa tunajenga mtaa wa Izia, nyumba ina kuta na paa, chini udongo mtupu.

Mume wangu alikuwa fundi ujenzi. Walimwita kubomoa ghala la zamani, akaruhusiwa kuchukua paa lake, yale mabati mazito ya kijivu tuliyoyaita mabati ya saruji. Mazima tuliezekea jiko. Yaliyovunjika yakabaki rundo uani, na mume wangu hakuwa mtu wa kutupa kitu.

"Hii si saruji?" akaniambia. "Tukiitwanga inarudi kuwa saruji. Sakafu hiyo, mke wangu!"

Nami nikaona ana akili kweli! Nikatoa kinu changu cha mahindi, nikambeba binti yetu mgongoni, nikatwanga. Alikuwa na miezi saba. Nilitwanga wiki nzima, nikachekecha kwa chekecheo la unga, mtoto akalala kwa mdundo wa mchi. Nikimshusha nywele zimekuwa nyeupe, namtania, "Bibi, shikamoo!"

Tukaukoroga unga ule na maji, tukasakafia, lakini sakafu ikagoma kushika. Ilimomonyoka, nikawa naifagia kila asubuhi, vumbi tele, na mtoto anatambaa humo humo. Mume wangu akasema tumekosea vipimo. Nikarudi kwenye kinu.

Ndipo akaja bwana afya, anakagua vyoo mtaani. Hata hodi hakumaliza.

"Mama, acha! Weka mchi chini!"

Nikamjia juu. Nikamwambia choo kiko kule, kinu changu kinamhusu nini? Alikuwa ameziba pua na mdomo kwa leso, anarudi nyuma, mtu mzima na kiatu chake anaogopa unga! Nikataka kucheka. Kisha nikaona macho yake hayako kwangu, yako mgongoni kwangu.

"Umetwanga na huyo mtoto?"

Akanieleza pale pale. Yale mabati ni ya asbesto, yana nyuzi ndogo zisizoonekana, zikiingia kifuani hazitoki, mwisho huleta saratani. Yakikaa mazima hayana neno kubwa, ubaya ni kuyavunja na kuyasaga. Nikakaa chini, kwenye vumbi lile lile. Nikamshika mkono, nikamwomba anipe dawa ya mtoto, yoyote, hata chungu.

"Dawa hakuna, mama."

"Basi nitajuaje kama zimemwingia?"

"Ugonjwa huchukua miaka kujitokeza. Ishirini, thelathini, hata zaidi."

Jamani! Nilitamani kumpiga. Mtu anakwambia hivyo halafu anafungua daftari lake anaandika!

Tulilowanisha kila kitu kwa maji kama alivyoagiza, tukachimba shimo refu, tukafukia unga, vipande, ile sakafu na kinu. Kinu alikishusha mume wangu mwenyewe. Sikuwa na hasira naye, mchi niliushika mimi.

Binti yangu sasa yuko Mbeya, ana watoto wawili. Juzi kanipigia simu, katikati ya maneno akakohoa.

"Nenda hospitali," nikamwambia. "Leo hii. Wakupige picha ya kifua."

Akacheka. "Mama nawe! Mafua tu haya. Kwa nini kila nikikohoa unapagawa hivyo?"

Nikamwambia ni uzee. Mpaka leo sijaweza kumwambia.